Siku Nane Nikinusa Udongo wa Uingereza

Jumamosi, 28 Juni 2025. Luton

Kabla ya kuondoka Kongwa nilivisugua viatu vyangu vya shambani mara mbili kwa brashi na sabuni, maana udongo wa kwetu hauruhusiwi kuingia Uingereza. Ndani ya ndege nikawa nawaza jinsi dunia inavyozunguka. Mwaka 1947 Waingereza walishusha matrekta Kongwa kuja kuulima udongo huohuo. Leo mimi, afisa ugani wa wilaya hiyo, nakwenda kwao kuwatazama wakulima wanaoachana na plau.

Kwa asiyeijua habari ya Mradi wa Karanga: baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Wizara yao ya Chakula ikapanga kufyeka pori, ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, zilimwe karanga; kwetu ikawa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Hata vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Lakini udongo wa Kongwa kiangazi hukauka ukawa kama saruji, na changarawe zake hula chuma. Majembe yaliisha, mvua zikagoma, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Udongo haukuulizwa.

Na mimi nina deni langu. Nimefanya kazi ya ugani miaka 17, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimewahimiza wakulima walime kwa kina na kuugeuza udongo. Wagogo wana desturi ya kuberega: wanafyeka, wanachoma masalia, kisha wanapanda bila kutifua. Mabwana shamba waliotutangulia waliita uvivu, nasi tukalirithi neno hilo. Kuchoma masalia ni hasara, hilo bado nalisema. Lakini sasa semina zinatufundisha kilimo hifadhi, kupanda bila kutifua, na mzee mmoja akaniuliza mbele ya mkutano wa kijiji, "Mwanangu, si hiki mlichotukataza?" Sikuwa na jibu. Niliweka akiba miaka miwili nije kulitafuta, na nililitafuta huku kwa sababu somo la kutifua lilikuja kwetu likitokea huku.

Mdogo wangu anafanya kazi ya kuwahudumia wazee hapa Luton. Amenipokea, amenilisha wali na maharage, jioni tukapita supamaketi. Kwenye rafu ya mboga kuna maharage mabichi yameandikwa Kenya, yamepangwa sawasawa kama penseli. Nchi hii huzalisha takriban asilimia 60 tu ya chakula inachokula. Nikaishika ile pakiti kwa muda. Humo kuna maji ya mtu, na udongo wa mtu.

Jumapili, 29 Juni. Downe, Kent

Tumekuja nyumbani kwa Charles Darwin, mwanasayansi wa viumbe. Alihamia hapa mwaka 1842 na hakuhama tena hadi alipofariki mwaka 1882. Watu humkumbuka kwa mambo mengine, mimi nimekuja kwa ajili ya nyungunyungu. Kitabu chake cha mwisho, kilichotoka 1881, kiliwahusu wao. Aliwaweka kwenye vyungu ndani ya nyumba, akawapigia kelele, mwanawe akawapulizia zumari nene, wasishtuke. Chungu kilipowekwa juu ya piano na noti ikapigwa, wakajificha haraka: hawasikii, ila mtetemo wanauhisi.

Jambo lililonigusa zaidi ni subira yake. Mwaka 1842 alitandaza vipande vya chaki juu ya konde la majani karibu na nyumba. Halafu akasubiri. Mwaka 1871 akachimba mtaro, akaukuta mstari mweupe wa chaki inchi 7 chini ya ardhi. Miaka 29, na hakuna binadamu aliyeizika. Nyungunyungu walikuwa wakila udongo chini na kuutoa juu, kidogo kidogo, mpaka chaki ikamezwa. Alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo mkavu hupita matumboni mwao kila mwaka katika ekari moja.

Palikuwa na shamba lake jingine lililolimwa mara ya mwisho mwaka 1841. Lilikuwa na mawe mengi hata wanawe waliliita shamba la mawe. Miaka 30 baadaye, anaandika, farasi angeweza kulikimbia kutoka mwanzo hadi mwisho bila kwato kugonga jiwe hata moja. Nilikaa kwenye benchi bustanini nikailinganisha habari hiyo na miongozo yetu. Nina fomu za kuhesabu mifuko ya mbolea, ekari zilizolimwa, mbegu zilizogawiwa. Sina fomu hata moja inayouliza nyungunyungu wangapi.

Bustanini kuna jiwe la duara lenye tundu katikati, la kupimia jinsi mawe yanavyozama. Lililopo sasa limetengenezwa upya. Mtoto mmoja alikuwa amelikalia anakula aiskrimu.

Jumatatu, 30 Juni. Harpenden

Joto kali. Majira ya kuchipua ya mwaka huu yalikuwa makavu kuliko yote England kwa zaidi ya miaka 100, na kando ya barabara nyasi zimegeuka rangi ya mkeka.

Hapa ni Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo, na konde linaitwa Broadbalk. Tangu vuli ya 1843 linapandwa ngano, mwaka baada ya mwaka. Hakuna jaribio la kilimo duniani lililodumu muda mrefu hivi bila kukatika. Wenyewe walioanzisha ni John Bennet Lawes, mwenye shamba, na Joseph Henry Gilbert, mkemia. Lawes huyo ndiye aliyepata hataza ya mbolea ya superfosfeti mwaka 1842, kwa kuloweka mifupa kwenye asidi. Kwa hiyo mtu aliyeianzisha biashara ya mbolea ya viwandani ndiye pia aliyetuachia kipimo cha kuihukumu. Namheshimu kwa hilo. Wauza mbolea wengi hawafanyi hivyo.

Nilisimama kwenye kichwa cha konde nikatazama mistari mirefu imepangana. Mstari mmoja haujapewa mbolea yoyote tangu mwanzo: ngano fupi, nyembamba, unaona ardhi katikati. Unatoa kama tani moja kwa hekta. Jirani yake kuna mistari ya mbolea za viwandani, ngano imesimama vizuri, kijani kilichokolea, mavuno mara kadhaa ya ule wa kwanza. Sitadanganya hapa: mbolea hizo zinafanya kazi. Anayesema hazifanyi kazi hajasimama Broadbalk. Halafu kuna mstari unaopewa samadi, tani 35 kwa hekta kila mwaka, toka enzi za Malkia Victoria hadi leo. Kaboni katika udongo wake, ambayo ndiyo kipimo cha mboji, ni zaidi ya mara mbili ya ule mstari mtupu.

Aliyetuongoza alitupa mabonge mawili ya udongo, moja kwa kila mkono. La samadi lilikuwa jeusi na jepesi, likavunjika vidoleni vipande vipande kama mkate wa mtama. La pili lilikuwa la kijivu, zito, likanibakizia ute kiganjani. Nimezaliwa kwenye familia ya wafugaji na wakulima, lakini sijawahi kushika tofauti ya miaka 180 kwa mikono miwili kwa wakati mmoja.

Samadi hiyo, hata hivyo, ina hesabu yake. Tani 35 kwa hekta hazitoki hewani. Ni ng'ombe waliokula majani ya mashamba mengine. Ukirutubisha shamba moja kwa jasho la matano, umehamisha tu. Swali langu likawa: nani anaweza kuujenga udongo palepale ulipo?

Jibu la kwanza liko pembeni ya konde hilohilo. Mwaka 1882 kipande cha ngano kiliachwa bila kuvunwa, kisha kikaachiwa kabisa. Ngano ilijitahidi miaka michache ikatoweka. Leo ni msitu mdogo, na chini yake udongo umejijenga wenyewe kwa majani na mizizi. Upande wa pili wa shamba la Rothamsted kuna kipande cha kinyume chake: tangu 1959 hakijaruhusiwa kuota chochote, kinapaliliwa tu kila mara, kinabaki uchi, na sehemu kubwa ya kaboni yake imekwisha. Msitu haulishi watu mkate, na kipande kitupu hakimlishi mtu wala mdudu. Kilimo lazima kipite katikati.

Ghalani wana sampuli kama 300,000 za udongo na mimea, kwenye chupa na makopo, za kuanzia miaka ya 1840. Kwetu ofisini faili la mwaka juzi halionekani. Nimeandika kwenye daftari: nianze kutunza udongo kwenye chupa, hata kumi tu.

Jumanne, 1 Julai. Holme Fen, Cambridgeshire

London leo imegonga nyuzi 34. Huku nako hakuna kivuli kinachosaidia.

Hili ni eneo la Fens, bonde kubwa la tambarare lililokuwa kinamasi. Udongo wake wanauita piti: mimea iliyozama majini ikaoza nusunusu kwa maelfu ya miaka, ikawa tabaka nene jeusi. Watu waliyakausha maji tangu karne ya 17 wapate kulima, na kweli walipata. Inasemwa Fens hutoa theluthi moja ya mboga za England. Viazi, vitunguu, saladi, figili, vyote hutoka hapa.

Katikati ya miti ya birch kuna nguzo ya chuma. Mwaka 1851, ziwa la jirani la Whittlesey lilipopigwa pampu na kukaushwa, nguzo hii ilizikwa ardhini mpaka kichwa chake kikawa usawa wa ardhi, ili waone udongo utashuka kiasi gani. Nilisimama chini yake nikanyoosha mkono na sikukifikia. Leo kichwa hicho kiko mita 4 hivi juu. Nguzo haijapanda, ardhi ndiyo imeshuka. Piti ikikauka husinyaa, kisha hewa huiingia ikaungua polepole bila moto na kupaa kama hewa ya ukaa. Hapa nilipo ni karibu mita 3 chini ya usawa wa bahari.

Nilimwomba mdogo wangu anipige picha nikiegemea nguzo, nikamtumia yule mzee wa kijijini kupitia simu ya mjukuu wake. Jibu likaja baada ya saa moja: "Udongo wao umeenda wapi?" Nikamwandikia: "Umeliwa."

Jirani hapa kuna mpango wa kurudisha maji katika sehemu ya ardhi hii, na wanajaribu mimea inayokubali kukaa majini. Ni kazi ngumu kumwambia mkulima wa viazi. Nilimwona mmoja barabarani anamwagilia kwa mtambo mkubwa, na nyuma ya trekta lake vumbi jeusi likipanda kama moshi wa tanuri la mkaa.

Jumatano, 2 Julai. Lannock, Hertfordshire

Joto limepungua kidogo. Leo ni tamasha la Groundswell, la wakulima wa kilimo rejeshi, yaani kilimo cha kuurudishia udongo uhai, linalofanyika kwenye shamba la familia moja nje ya mji wa Hitchin. Wao waliacha plau mwaka 2010, wakaanza kualika wengine mwaka 2016. Nilitegemea maonyesho kama ya Nane Nane, na kwa kiasi fulani ndivyo: mahema, mashine, wauza mbegu, watoto. Tofauti ni kwamba hapa watu wazima wenye viatu vya bei wanapiga magoti nyasini kuchambua kinyesi cha ng'ombe wakitafuta mbawakawa.

Kilimo rejeshi hakina tafsiri ya kisheria hapa, si kama kilimo hai, kile kisichotumia mbolea na dawa za viwandani, ambacho jina lake linalindwa. Mtu yeyote anaweza kuliandika kwenye pakiti yake. Hilo linawakera wengi niliozungumza nao, kwa sababu kampuni kubwa za vyakula nazo zimelichukua neno. Lakini wakulima wenyewe wakikaa pamoja hawagombani sana kuhusu maana. Usiusumbue udongo, usiuache uchi, hakikisha kuna mzizi hai ndani yake muda wote, changanya mazao, rudisha mifugo. Nusu ya hayo bibi yangu aliyafanya bila semina: mtama, kunde, maboga na mbaazi katika shamba moja.

Banda lililojaa kuliko yote lilikuwa la mvua ya bandia. Wameweka trei za udongo kutoka mashamba tofauti, juu kuna bomba linalonyunyiza, na kila trei ina chupa mbili: moja inapokea maji yanayotiririka juu, nyingine yanayopenya chini. Trei ya shamba linalolimwa kila mwaka ilijaza chupa ya juu maji ya rangi ya chai ya maziwa, huku ya chini ikibaki karibu tupu. Trei ya malisho ya muda mrefu, kinyume kabisa: maji yalipotea ndani, yakatoka chini safi. Watu wakanyamaza. Mkulima aliyesimama karibu nami, jitu la miraba minne, alisema kwa sauti ndogo kuwa ile ya chai ni ya kwake.

Mwaka 2019 wakala wao wa mazingira uliandika kwamba katika England na Wales karibu hekta milioni 4 ziko hatarini kugandamana na zaidi ya milioni 2 kumomonyoka, na kwamba udongo unaolimwa umepoteza kati ya asilimia 40 na 60 ya kaboni yake. Nilikuwa nimeisoma namba hiyo nyumbani. Kuiona ikitiririka kwenye chupa ni kitu kingine.

Kuna jambo halijatatuliwa, na nafurahi kwamba walilijadili wazi. Wengi walioacha plau wanaua magugu kwa glaifoseti kabla ya kupanda. Wakulima wa kilimo hai hawapigi dawa hiyo, lakini wanalima kwa plau. Kila upande unamwambia mwenzake kwamba anaua udongo. Adui wao wote ni gugu wanaloliita nyasi nyeusi, ambalo dawa nyingi zimeshalishindwa. Mwanamke mmoja alisimama akasema yeye hupunguza dawa kila mwaka na anaogopa kila mwaka. Nikamwamini kuliko wote waliozungumza.

Mchana nilikaa na kijana mchungaji asiye na ardhi hata robo ekari. Ana kondoo mia kadhaa. Majira ya baridi wakulima wa nafaka humwita alete kondoo wake wale mimea ya kufunika udongo iliyopandwa baada ya mavuno. Kondoo wanashiba, wanaacha samadi, wanahamia shamba jingine. Baada ya vita mashariki mwa nchi hii waligeukia nafaka tupu, mifugo ikabaki magharibi. Kwa hiyo huku kuna ngano isiyo na samadi, na kule bonde la mto Wye kuna kuku kama milioni 20 ambao samadi yao imeutia mto ugonjwa. Kijana anairudisha ile ndoa iliyovunjika, kwa lori na waya.

Nikamweleza habari ya kwetu Kondoa, nilikozaliwa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika kilomita za mraba 1,256 zilizoliwa na makorongo. Nilikuwa mchanga mgongoni. Mama husimulia jinsi ng'ombe wa babu walivyoswagwa asubuhi ile, na babu akabaki ameshika kengele ya dume lake. Haki isemwe: majani yalirudi, miti ikaota, makorongo yakatulia. Lakini samadi ilitoweka mashambani na maziwa yakatoweka nyumbani. Tangu utotoni nimeishi na maswali mawili kichwani yasiyopatana, kwamba ng'ombe waliiharibu ardhi, na kwamba bila ng'ombe shamba la mama lilichoka.

Kijana alifikiri, kisha akauliza: "Walikuwa wanakaa sehemu moja muda gani?"

Alhamisi, 3 Julai

Mdogo wangu ametoka zamu ya usiku. Amelala. Nimepika ugali, nimefua, nimeandika. Swali la yule kijana halijanitoka.

Ijumaa, 4 Julai. Suffolk

Treni kupita Stowmarket. Kabla ya kituo hicho, nikitokea upande wa Ely, tulipita jirani na Haughley, ambako mwaka 1939 Lady Eve Balfour alianza kulinganisha mashamba ya mbolea za viwandani na yasiyo nazo kwenye ardhi moja. Kutokana na kazi yake na ya wenzake ikazaliwa Soil Association, chama cha kilimo hai, mwaka 1946. Mwaka huohuo ndipo wazo la karanga za Tanganyika lilipopelekwa serikalini. Nchi moja, mwaka mmoja.

Nimefika Wakelyns, karibu na kijiji cha Fressingfield. Ni padogo, kama hekta 23. Mwanasayansi Martin Wolfe, aliyefariki mwaka 2019, alipanda hapa safu za miti na kuacha vichochoro vya mazao katikati. Maisha yake yote alipambana na magonjwa ya mimea, na alichogundua ni kwamba shamba la aina moja ni karamu ya ugonjwa. Alichanganya mbegu za shayiri, ukungu ukapungua. Baadaye yeye na wenzake walipandisha aina 20 za ngano kwa njia ya kuzichanganya, wakapata ngano inayoitwa YQ ambayo haina sura moja.

Niliingia kwenye kichochoro. Kuna suke refu na fupi, lenye ndevu na lisilo nazo, jingine limeanza kuwa dhahabu, jirani yake bado kijani. Kwa macho ya chuo nilichosoma, hili ni shamba chafu. Kwa macho ya bibi yangu, ni shamba lenye akili: mvua ikigoma mapema atakufa huyu, ikichelewa ataishi yule. Kuna kibanda cha waokaji papo hapo. Mkate wa unga wa ngano hiyo ni wa kahawia, mzito, una uchachu kwa mbali. Nilikula vipande vitatu bila siagi.

Jumamosi, 5 Julai. Shamba la familia, mpakani mwa Suffolk na Cambridgeshire

Hawa ni mume na mke waliopita miaka 60, niliunganishwa nao pale tamashani. Hekta 160 za mfinyanzi mzito. Bwana alinipokea na sepetu mkononi, akanipa yangu. Sijawahi kukaribishwa vizuri hivyo.

Tulichimba mara tatu. Kwanza chini ya ua wa michongoma, ambako jembe halijafika kwa vizazi: udongo mweusi, harufu ya msitu baada ya mvua. Kisha kwenye ngano, katika konde alilolirudishia plau mwaka 2020 baada ya majira ya baridi yenye mafuriko, aliposhindwa kabisa kupanda. Juu palikuwa na vumbi, na sentimeta 20 chini sepetu ikagonga tabaka gumu. Mizizi ilikuwa imefika hapo ikapinda pembeni kama maji yaliyokutana na ukuta. Nalijua tabaka hilo. Liko kila shamba la trekta Kongwa. Mwisho tukachimba kwenye malisho ya mchanganyiko, klova, chikori na majani mengine, mwaka wa 4. Mfinyanzi uleule, umevunjika chembechembe, mashimo ya nyungunyungu yanapita wima, mizizi imeyafuata kama njia. Tukahesabu kwenye bonge la sentimeta 20 kila upande. Kwenye ngano, nyungunyungu 4. Kwenye malisho, 23, pamoja na ukame wote huu.

"Hilo konde la plau," akasema, "nilirudi nyuma kwa sababu ya hofu, na sijui kama nilikosea. Nilihitaji mavuno mwaka ule."

Mezani jikoni mkewe ndiye aliyefungua hesabu. Miaka 3 ya kwanza bila plau, mavuno yalishuka. Konokono wasio na gamba walikula miche yote ya rapa, zao la mbegu za mafuta. Kilichowaokoa ni kwamba matumizi nayo yalishuka: dizeli, vipuri, na hasa mbolea, ambayo bei yake ilipaa mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine. Kuna mpango wa serikali unaowalipa wakulima kwa kutunza udongo, lakini tarehe 11 Machi mwaka huu ulifungwa ghafla kwa waombaji wapya. Wao waliwahi. Jirani yao hakuwahi.

Kisha akaniletea barua ya mnunuzi wa ngano. Kinu kinataka protini asilimia 13. Ikipungua, bei inapungua, au ngano inakuwa chakula cha kuku. Ili kuifikia, mkulima hunyunyiza naitrojeni mara moja zaidi mwishoni, ambayo haiongezi mavuno, inaongeza namba tu. Mkate mwingi wa nchi hii hutengenezwa kwa njia ya haraka iliyobuniwa Chorleywood mwaka 1961, mashine zinakanda kwa nguvu, na unga lazima uwe sawasawa kila siku. Nikaelewa kitu nilichokuwa nakizunguka wiki nzima. Mkulima huyu anaweza kusubiri kama Darwin, lakini kinu hakisubiri, benki haisubiri. Kila mtu kwenye mnyororo anautaka udongo mzuri, na gharama ya kuungoja imeachwa juu ya meza hii moja. Kwetu ni hivyo hivyo: tunamwambia mama wa Kongwa aache masalia shambani, hatumwambii mbuzi wake watakula nini mwezi wa tisa.

Alasiri tukaenda kwa ng'ombe. Ni 60, wamebanana kwenye kipande cha majani marefu hadi magotini, wamezungushiwa uzi mwembamba wa umeme. Saa kumi kamili bwana akainua uzi wa mbele. Ng'ombe wakapita bila kelele, wakainamisha vichwa. Nyuma yao majani yamelazwa, nusu yameliwa, nusu yamekanyagwa yakawa matandazo, samadi kila hatua mbili. Hawatarudi pale kwa siku 50 au 60. Anawahamisha saa hiyo kwa sababu jua la mchana limeshajaza sukari kwenye majani.

Siku moja mahali pamoja, siku sitini pasiguswe. Hilo ndilo jibu la swali la yule kijana.

Nilikaa juu ya lango nikampigia mama Kondoa. Kule ilishafika magharibi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamweleza yote: ng'ombe, majani, uzi, siku sitini. Akasikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Wanalala wapi?"

"Humohumo shambani, Mama."

"Na mavi?"

"Yanabaki palepale wanapoyaangusha."

Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Nikasikia kuku, na mtu akipita kumwamkia.

"Babu yako alikuwa anawahamisha," akasema. "Kabla hatujawa wengi. Alikuwa na sehemu nne." Kisha akauliza, "Huo uzi unauzwaje?"

Nikamwambia sijui. Nikashuka langoni kwenda kumuuliza mwenye shamba.